Seva Ikisema Hakuna cha Kufanya

Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mstari wa mbele, na wasimamizi wenzangu wa mifumo: shikamooni mnaostahili, na wengine habari za tangu asubuhi. Nimepangwa kuzungumza kabla ya chakula na harufu ya pilau imeshaingia ukumbini, kwa hiyo nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Aibu ya mwenzio huisikilizi kwa sikio moja hata ukiwa na njaa.

Mwezi wa sita mwaka 2022 nilikuwa nasimamia seva 60 hivi za taasisi moja ambayo sitaitaja. Zote zilikuwa AlmaLinux 8, Linux ya ukoo wa Red Hat. Zamani nilikuwa naziingia moja moja kwa SSH, njia ya kuingia seva ukiwa mbali, naandika dnf update, amri ya kusasisha programu, nasubiri, nahamia nyingine. Nikifika ya 40, ile ya kwanza imeshapitwa tena na wakati. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2021 nikachoka. Nikaweka mtambo mmoja wa katikati, Foreman pamoja na Katello, programu za kusimamia seva nyingi na masasisho yake, nikazisajili seva zote huko. Kuanzia hapo hakuna seva iliyotoka nje kwenda kutafuta programu: zote zilikula kwenye sufuria moja, na mpishi ni mimi. Nikawaonyesha wakubwa ukurasa wenye duara la kijani kibichi. Nikapongezwa kwenye kikao, na kusema kweli nilijiona nimemaliza kazi.

Kisha akaja mkaguzi kutoka nje, kijana mpole, na programu yake ya kuskani. Ripoti yake ilisema seva zangu zote zina tundu la OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano ya mtandao, linalojulikana kama CVE-2022-0778 katika orodha ya dunia ya matundu ya usalama. Kwa ufupi, mtu akiipa programu cheti cha usalama chenye namba zilizopotoshwa, inaanza kupiga hesabu isiyokwisha, kichakato kinachemka, huduma inasimama. Rekebisho lilikuwa limeshatolewa tangu mwezi wa tatu.

Nikacheka. Mnaofanya kazi na Red Hat na ndugu zake mnajua kwa nini. Skana nyingi zinasoma namba ya toleo tu. Sasa Red Hat hawapandishi namba ya OpenSSL kila tundu linapoonekana: wanachukua rekebisho lenyewe na kulishona ndani ya toleo lilelile la zamani. Kwa macho ya skana shati ni kuukuu, kumbe kiraka kipo kwa ndani. Nimeshawajibu wakaguzi wangapi hivyo! Nikamwita kijana akae karibu yangu nimfundishe kazi. Nikaandika rpm -q --changelog openssl, orodha ya mabadiliko ikafunguka, nikatafuta ile namba ya CVE nimwonyeshe.

Haikuwepo.

Nikaandika dnf update, mbele yake. Seva ikafikiri sekunde mbili ikajibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba hakuna cha kufanya, imekamilika. Nikaingia seva ya pili: hakuna cha kufanya. Ya tatu, vilevile. Kijana hakusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko ripoti yake.

Nataka tukae hapo kidogo, kwenye hayo maneno "hakuna cha kufanya", kwa sababu ndiyo yaliyonileta hapa. Seva haikunidanganya. Iliulizwa kama ghala ililopangiwa lina kitu kipya, ikaangalia, ikaona hakipo. Swali ambalo sisi tunadhani tunauliza, yaani "je, uko salama?", halikuulizwa na mtu yeyote.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa Katello, acha nieleze mambo yanavyokwenda ndani yake. Kwanza kuna kuvuta. Mtambo wa katikati unakwenda kwenye maghala ya nje, unashusha programu mpya, unaziweka kwenye diski yake. Chini kabisa kazi hii inafanywa na programu iitwayo Pulp. Kinachovutwa kinakaa mahali panapoitwa Maktaba. Kuvuta unaweza kukupangia ratiba, na mimi nilikuwa nimepanga saa nane usiku kila siku. Usiku wote wa miezi ile saba ratiba haikukosa hata mara moja. Maktaba ilikuwa imejaa, na OpenSSL iliyorekebishwa ilikuwa humo tangu wiki zilezile ilipotoka.

Lakini seva za kazi hazisomi Maktaba moja kwa moja, au tuseme hazipaswi kuisoma. Kati yao kuna kitu ambacho mimi nakiita kapu. Unachagua maghala unayoyataka, unaweka vichujio ukipenda, kisha unachapisha. Ukichapisha, kapu linafungwa na kupewa namba: la 1, la 2, la 3. Kilichomo ndani hakibadiliki tena, hata Maktaba ikiongezewa vitu elfu. Halafu kapu lililofungwa unalipandisha daraja: kutoka Maktaba kwenda kwenye seva za majaribio, kutoka majaribio kwenda kwenye seva za kazi. Neno kupandisha daraja tumelizoea serikalini, na hapa pia lina sifa ileile kwamba lisiposukumwa na mtu halitokei.

Mmeshaona kosa langu. Kuvuta kulikuwa kunajiendesha, kuchapisha kulikuwa kunanisubiri mimi. Kapu lililokuwa kwenye seva za kazi lilikuwa namba 1, la mwezi wa kumi na moja. Seva 60 zilikuwa zinachungulia kapu la miezi saba iliyopita na kuniambia kwa adabu kwamba hakuna jipya. Kabla ya mtambo huo, mimi mvivu niliyekuwa nazunguka seva moja moja, ningekuwa nimeshalipata rekebisho lile angalau kwenye seva 40. Mtambo wa kunisaidia ndio ulionichelewesha.

Lililoniuma zaidi niligundua baadaye: Katello ilikuwa imeniambia. Kila seva ina ukurasa wake wa matangazo ya marekebisho, na pale kuna hesabu mbili, si moja. Ya kwanza ni marekebisho yanayoihusu seva, maana yake kuna programu iliyosakinishwa humo ambayo Maktaba inalijua rekebisho lake. Ya pili ni yale yanayoweza kusakinishwa sasa hivi, yaani yamo ndani ya kapu ambalo seva imepangiwa. Hesabu ya pili kwangu ilikuwa sifuri, ndilo duara la kijani nililowaonyesha wakubwa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, na ilikuwa inaongezeka kila wiki. Sikuwahi kubadilisha kichujio cha ukurasa ule.

Tangu siku hiyo ninaangalia tofauti ya hizo hesabu mbili. Yanayohusu yakiwa 30 na yanayosakinishika 30, seva ni chafu lakini nina sabuni, nikiamua leo inaoga. Yanayohusu yakiwa 30 na yanayosakinishika sifuri, sabuni ninayo ndani kabatini na funguo nimekaa nazo mfukoni. Hali hii ya pili ndiyo mbaya, na ndiyo inayopendeza kwenye picha ya kuwaonyesha wakubwa.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi usiondoe hayo makapu, kila seva ikasoma Maktaba moja kwa moja kila usiku? Swali zuri, na hapo ofisini nililiulizwa kwa hasira. Jibu langu ni la tarehe 29 Machi 2024. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, mtu ameficha mlango wa nyuma. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu intaneti tukaendelea na chai. Matoleo yenye sumu yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1, nayo yalikuwa yameshafika kwenye Linux zinazokimbilia kila kipya: Fedora ya majaribio, Debian ya majaribio, openSUSE Tumbleweed. Red Hat Enterprise Linux na Debian thabiti hayakuwafikia. Waliokuwa hatua chache nyuma walisalimika kwa sababu walikuwa nyuma.

Kwa hiyo mimi naamini katika ngazi, ila ngazi fupi. Kwangu sasa kuchapisha kunafanywa na mashine: kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi hammer, amri ya Katello, inachapisha kapu jipya na kulipandisha moja kwa moja kwenye seva za majaribio, nikiwepo nisiwepo. Kulitoa majaribio kwenda kwenye seva za kazi kunafanywa na mtu, kwa mkono, ndani ya siku kumi. Zikipita siku kumi bila mtu kugusa, barua pepe inakwenda kwa mkuu wangu, si kwangu. Hilo la mwisho nililiomba mwenyewe. Wenzangu waliniona nimejitia kitanzi, lakini barua inayokuja kwangu najua nitakavyoifanya.

Na dharura je? Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza tundu la OpenSSH, programu inayoendesha SSH, CVE-2024-6387, lililompa mtu wa mbali nafasi ya kuingia kama root, yaani mwenye mamlaka yote, bila nywila. Siku kumi hapo ni anasa. Katello ina njia yake: unalichukua rekebisho moja tu, unaliingiza katika kapu ambalo tayari liko kazini, na kapu namba 12.0 linakuwa 12.1. Vingine vyote vilivyomo havitikisiki. Siku ile kilichonisaidia zaidi ya hata hicho ni daftari. Tundu lilizigusa OpenSSH za kuanzia 8.5p1 hadi 9.7p1. Seva zangu za toleo la 8 zina OpenSSH 8.0, kwa hiyo hazikuhusika, zile mpya za toleo la 9 zilihusika. Nilijua ni zipi na ziko ngapi kabla chai haijapoa, kwa kuandika utafutaji mmoja. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wenye maduka, na seva nazo ni mali.

Sasa niseme jambo ambalo mtambo wa katikati hauwezi. Ukishasakinisha OpenSSL mpya, duara linageuka kijani. Lakini huduma iliyowashwa mwezi uliopita bado imeishika ile ya zamani kwenye kumbukumbu yake, na itaendelea kuitumia mpaka izimwe na kuwashwa. Keneli, kiini cha mfumo wenyewe, ni zaidi: keneli mpya iko kwenye diski imekaa inasubiri, ya zamani ndiyo inayoendesha nyumba. Kuna wenzetu hapa wanaojisifu kwamba seva yao haijazimwa siku 900. Kaka, hiyo ni keneli ya siku 900. Andikeni dnf needs-restarting -r, itawaambia kama seva inahitaji kuzimwa na kuwashwa. Katello nayo ina kiongezi kiitwacho Tracer kinachokupa habari hiyo kwa seva zote kwa pamoja. Ombeni dirisha la kuzima seva mapema na kwa maandishi, kwa sababu kuomba dirisha siku ya dharura ni sawa na kuomba kodi ya nyumba usiku wa sikukuu.

Pili, jicho la mtambo huo linaona vifurushi vya mfumo, yaani rpm na deb. Halioni faili la jar, kifurushi cha programu ya Java, ambalo mtengenezaji wa programu alilipakia mwenyewe ndani ya folda yake mwaka 2019 akaondoka. Desemba 2021, tundu la Log4j, kipande cha Java kilichomo ndani ya programu nyingi, lilipotangazwa, hapo ndipo wengi walipojifunza: kituo, yaani mtambo wa katikati, kilikuwa kimetulia kabisa huku wao wanapekua diski kwa amri ya find. Makontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyovihitaji, ni hadithi hiyohiyo.

Nikija kwenye intaneti yetu, hapa mtambo wa katikati una faida ambayo wenzetu wa Ulaya hawaihisi sana. Tuseme masasisho ya mwezi ni megabaiti 400 kwa seva. Seva 60 zikienda nje kila moja kivyake, ni gigabaiti 24. Kituo kikivuta mara moja, ni hizo 400. Matawi ya mikoani mnayawekea proksi, seva ya kati ya tawi yenye nakala yake, mnaijaza usiku, asubuhi tawi linajilisha lenyewe.

Ila kuna mtego, na nilinaswa. Katello inakuuliza kama kila ghala livutwe lote papo hapo au programu zishushwe pale tu seva itakapoziomba. Hii ya pili inaokoa diski, nami nikaichagua kwa karibu kila kitu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, mnakumbuka intaneti ilivyosuasua nchini. Nilikuwa nimepanga kazi wiki ile. Seva zinauliza, kituo kinajibu ninacho, kikienda kukichukua kumbe kilikuwa na jina lake tu kwenye orodha, mwenyewe yuko ng'ambo ya mkongo. Sasa maghala ya msingi na ya usalama navuta yote papo hapo. Diski inajaa, kweli, na diski ya Pulp ikijaa kila kitu kinasimama, kwa hiyo makapu ya zamani nayafuta na kubakiza matano.

Kuna jingine la nakala za ndani ambalo sijasikia likisemwa. CentOS 7, Linux nyingine ya ukoo wa Red Hat, ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Waliokuwa wanavuta kutoka nje walijua haraka, maana orodha ya vioo vyake, yaani seva zinazogawa nakala zake, ilizimwa na yum, amri yake ya kusasisha, ikaanza kupiga kelele kwamba anwani haipatikani. Kelele ile ilikuwa baraka. Waliokuwa na nakala yao ndani hawakusikia kitu. Seva zao ziliendelea kuuliza, nakala ikaendelea kujibu, hakuna cha kufanya, hakuna cha kufanya, na wapo mpaka leo hii naambiwa wana CentOS 7 zenye duara la kijani. Mtambo wa katikati ukilishwa na chanzo kilichokufa haunuki. Tarehe ya mwisho wa kila mfumo iandikwe mahali ambapo binadamu anaiona. Mimi nimeiandika kwenye jina la kapu lenyewe.

Niliulizwa mlangoni na dada mmoja mwenye seva tano za SACCOS kama naye ajenge kitu hiki. Hapana, dada yangu. Foreman na Katello inataka mashine yake peke yake yenye kumbukumbu ya gigabaiti 20 hivi kwenda juu, diski ya mamia ya gigabaiti, na mtu wa kuihudumia. Kwa seva tano za Ubuntu washa unattended-upgrades, inayosasisha yenyewe, weka tahadhari ya barua pepe, kila Ijumaa zipitie kwa macho. Nakupa hesabu yangu binafsi, si ya kitabu: chini ya seva 20 kituo kinakuwa mzigo wa seva ya 21. Na ukikijenga, kilinde kama benki inavyolinda chumba cha fedha, kwa sababu kina funguo za SSH za kuingia root kila mahali. Anayekishika kituo ameshika seva zote. Wala ukaguzi wa sahihi za vifurushi msiuzime kwa sababu ya haraka; nimeshakuta gpgcheck=0, yaani ukaguzi umezimwa, katika seva za watu wenye heshima zao.

Yule kijana mkaguzi nilimwandikia baadaye kumwomba radhi kwa kile kicheko. Alinijibu kwa mstari mmoja, akaniuliza kapu lililoko kwenye seva za kazi ni la tarehe ngapi. Siku hiyo nilikuwa nalijua jibu bila kufungua kompyuta. Sasa hivi linalosubiri kwenda huko ni namba 31, la Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu, limebakiza siku mbili lipandishwe, na seva ya majaribio ya malipo inalikataa kwa sababu ya toleo la PHP ambalo bado sijalimudu. Kama kuna aliyekutana na hilo anikute kwenye pilau.